Viatu Namba Thelathini na Tano

Dalmira, nakuandikia
kwa sababu juzi kule juu nilishindwa kukujibu:
lugha ya mikono haitoki ndani ya glavu,
na nilipozivua, vidole vilikuwa vimegoma.

Uliuliza nilianzaje.

Nilianza na buti namba arobaini na mbili.
Ghala la chuo, pale Huaraz, halikuwa na nyingine;
aliyeziagiza hakuwahi kuuwaza mguu kama wangu.
Nikazijaza soksi za baba, sufu ya alpaka,
na gazeti la Jumapili, kurasa za michezo.
Nikapanda.

Baba alikuwa mbele na punda wanne,
kama alivyopanda miaka kumi na tisa akiwabebea wageni
mahema, mitungi ya gesi, hadubini ndani ya blanketi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji hakupona. Alibeba.
Alijua barafu inapoficha kinywa chake.
Aliujua mwaka ambao kijito kiligeuka rangi ya kutu
na kondoo wa Fortunata wakakataa kunywa.
Aliwaambia. Wakaandika.
Kwenye makala yao yumo, ukurasa wa mwisho, katika shukrani:
"na mwenye punda."

Mwenye punda ni Nemesio Caururo.
Naliandika hapa, maana kule halikuenea.

Sasa, kazi yenyewe.
Upepo huangusha vumbi jeusi juu ya barafu.
Punje hulinywa jua, hupata joto, huzama,
hujichimbia kisima cha upana wa kidole gumba,
na humo, katika maji yanayouma fizi,
mna mwani, mna bakteria, mna dubu-maji
mwenye miguu minane na mwendo wa mtu aliyeshiba.
Waliotutangulia walipima unene wa barafu na kasi yake.
Vumbi waliliita uchafu.
Walilifagia, wapate kupima vizuri.

Nilicheka siku niliyoyasoma hayo.
Baadaye, jikoni, sikucheka.

Lakini usinifanyie methali hapo.
Vumbi hilohilo linaiyeyusha barafu.
Uhai ninaoupenda unatoboa sakafu ya nyumba yake,
na nimeuhesabu ukitoboa, msimu baada ya msimu,
kwa penseli, maana kalamu ya wino huganda.

Kisima kile hakikuwa na jina mikononi mwako.
Ukakitengeneza: ncha ya kidole juu ya kiganja,
kisha kiganja kikalegea, kidole kikazama.
Miaka ishirini nimeandika maelezo ya kitu hicho.
Yako yalichukua sekunde moja.

Kwenye kamati mmoja aliuliza,
"Atasikiaje barafu ikipasuka?"
Nikamwambia masikio ya baba yalibaki mgodini, kwa baruti,
kabla hajashika kamba ya punda hata mmoja.
Ufa aliusikia kwa nyayo. Wageni wake wote walirudi kwao.
Yule bwana akanywa maji. Akasaini.
Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe naogopa,
kwamba tumekubaliana kuvuta kamba mara mbili, *simama*,
na kwamba usiku nimelala naivuta hewa mara mbili.

Na hili nalo nikuambie, usije ukasema nilikuficha:
mwamba ambapo baba alifunga punda ukingoni mwa barafu
sasa una nyasi, na mtu ameacha kopo la soda.
Barafu iko mwendo wa saa mbili juu zaidi.
Nimepigania mlango miaka yote hii,
nimekufungulia,
na nyumba inadondosha paa.

Ingia hata hivyo. Kuna vya kuhesabu.

Tunaondoka Jumanne, saa kumi alfajiri.
Ghalani, rafu ya chini, kushoto,
kuna buti namba thelathini na tano. Niliziagiza mwezi Machi,
fomu ikarudishwa mara tatu, nikaipeleka mara nne.
Vaa soksi jozi moja tu.
Zitakutosha.